Safari ya Mashua Wakati wa Likizo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya shauri lililoletwa katika mkutano uliopita, yaani kwamba Chama kikodi mashua, ili wanachama walio katika likizo wapate kusafiri pamoja siku tano katika pwani za Unguja, badala ya kila mmoja kukaa barazani kwake akihesabu siku hata zishe. Shauri lenyewe twaliunga mkono kwa moyo wote. Walakini katika karatasi iliyobandikwa ubaoni tumeona kwamba tarehe za safari zimekwisha andikwa, tena zimeandikwa kwa kufuata kalenda ya ofisi: kuondoka Jumatano asubuhi, kurudi Jumapili kabla ya magharibi. Neno letu ni juu ya tarehe hizo. Mengine tutakayoyasema yote ni ya kulieleza neno hilo.

Mwanachama mmoja aliuliza, na aliuliza vizuri, kwa nini sisi tusisafiri kama wafanyavyo watu wa Uingereza, ambao huchukua likizo zao katika mashua nyembamba na kupita mitoni na katika mifereji iliyochimbwa kwa mikono. Tumejitahidi kusoma kidogo juu ya jambo hilo. Katika Uingereza na Wales kuna mifereji na mito ipitikayo kwa mashua zaidi ya maili 2,000. Mingi ilichimbwa kwa ajili ya kuchukua makaa ya mawe na bidhaa za viwanda, na mashua zikivutwa na farasi aliyetembea ukingoni. Reli zilipoenea, na kisha magari, mifereji hiyo ikaanza kuachwa, na mingine ikajaa matope na majani. Mwaka 1944 bwana mmoja, jina lake L. T. C. Rolt, akatoa kitabu kiitwacho Narrow Boat, akisimulia safari yake yeye na mkewe katika mifereji hiyo. Na mwaka 1946 yeye na wenzake, na Robert Aickman akiwa mmojawapo, wakaunda chama cha kuitetea isife. Leo watu wengi huikodi mashua kwa juma zima, na wala hawahitaji kuwa mabaharia.

Kwa nini hawahitaji? Kwa sababu maji ya mfereji yamesimama. Palipo na mlima pamejengwa malango mawili yenye chumba katikati. Mashua huingia chumbani, lango hufungwa nyuma yake, maji hutiwa au hutolewa, na mashua hupanda au kushuka kama mtu apandaye ngazi. Mwendo wake ni maili nne kwa saa, kama mtu atembeaye kwa haraka kidogo. Basi mwenye kupanga safari huko huhesabu maili, akahesabu malango, akajumlisha, akajua Jumapili saa ngapi atakuwa wapi. Ni hesabu ya karani hasa. Laiti kwetu nasi ingekuwa hivyo!

Sisi hapa Unguja hatuna mfereji, na mito yetu ni midogo. Mto Mwera twaujua wote, na kuna mingine michache. Lakini mingi hupotea ndani ya mawe ya matumbawe kabla ya kuiona bahari. Mfereji mmoja tulikuwa nao, nao si wa kuchimbwa: ni ule mkono wa bahari uliopita nyuma ya Mji Mkongwe na kuutenga na Ng'ambo, hata maji yakijaa sana mji ukawa karibu na kuwa kisiwa. Jina la Darajani latokana na daraja lililovuka hapo. Katika karne ya 20 ulifukiwa kidogo kidogo, na leo tunapita juu yake kwenda sokoni bila kukumbuka kwamba hapo palikuwa na maji. Ndugu zetu wa Kenya wana khabari nzuri kuliko hii, kwani kule mfereji wa Belezoni ulichimbwa katika karne ya 19 kuuunganisha mto Tana na mto Ozi, na karibu na Lamu uko Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, ambao mashua hupita maji yakijaa na hazipiti maji yakipwa.

Lakini msivunjike moyo. Tunazo hori, yaani mikono ya bahari iingiayo katikati ya mikoko, na hizo ndizo mito yetu. Mbili zinatosha kutajwa. Ya kwanza ni hori ya Mapopwe, katika ghuba ya Chwaka, inayoingia katika msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote katika Unguja. Msitu huo tangu mwaka 2004 umo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Ya pili ni mlango wa Uzi, baina ya kisiwa cha Uzi na upande wa Unguja Ukuu. Njia ya miguu ya kwenda Uzi ilipita humo humo kwenye mikoko, na kwa miaka mingi watu wa Uzi waliipanga arusi na maziko kwa kutazama maji, kwa kuwa yakijaa njia hufunikwa. Mtu aliyezaliwa Uzi hana haja na hotuba hii.

Sasa, mashua katika hori hizi haiendi kwa maili wala kwa malango. Huenda kwa mwezi. Na hapa twaomba ruhusa tukae kidogo, maana wengi wetu tulisoma jambo hili shuleni kisha tukalisahau pale tulipopata meza na kiti.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu yaweza kufika karibu mita nne. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na tofauti yake yaweza kuwa kama mita moja tu. Kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini kuliko siku iliyotangulia. Katika bandari yetu siku ya mwezi kuandama, na siku ya mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kiasi cha saa nne. Katika maji mafu mambo hugeuka: saa nne ndiyo ya kujaa, na saa kumi ndiyo ya kupwa. Aliye na tarehe ya mwezi wa Kiislamu kichwani aweza kufanya hesabu hii njiani akienda kazini. Sisi tuliosoma shule za misheni tulikuwa na kalenda nyingine ukutani, na kwa hiyo mara nyingi tumelazimika kumwuliza mpishi.

Mwenye akili atauliza, Basi kwa hori ipi bora, bamvua au maji mafu? Jibu ni kwamba katika maji mafu hori nyingine hazipati kina cha kutosha hata maji yakijaa. Na katika kilele cha bamvua kina ni kikubwa, lakini ukikwama juu pale maji yalipofika mwisho wake, huenda kujaa kunakofuata kukawa kwa chini kidogo, na kunakofuata hapo kwa chini zaidi, ukangoja nusu ya mwezi. Manahodha husema ingia siku mbili tatu baada ya bamvua, na uingie na maji yanayojaa. Ukikwama nayo, maji yenyewe yatakuinua. Usiingie kamwe na maji yanayopwa. Kanuni hii ni fupi. Sisi tulikwisha ambiwa, na tuliivunja, na hayo ndiyo tunayotaka kuyasimulia.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, miaka michache iliyopita. Tulikuwa makarani sita, nasi tulikodi mashua ndogo Fumba, yenye nahodha mtu mzima na kijana wake mmoja. Siku tuliichagua sisi: Jumamosi na Jumapili, kwa sababu ndizo siku tulizokuwa nazo. Kwa bahati zilikuwa siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, basi maji yalikuwa mazuri; hiyo haikuwa akili yetu. Jumamosi asubuhi tuliondoka Fumba tukibisha dhidi ya upepo wa kusi hata Kwale, tukapumzika mchana juu ya fungu la mchanga maji yalipopwa, tukala samaki wa kuchoma, na mwenzetu mmoja akaungua na jua kwa kuwa alidhani kofia ni kitu cha wazee. Alasiri maji yakaanza kujaa, nahodha akatupeleka mlango wa Uzi. Tulipofika penye mikoko tanga likashushwa, kijana akachukua pondo, na mashua ikaingia kimya kama inayoingia msikitini.

Hatuna maneno ya kuieleza saa ile. Maji yalikuwa ya kijani na yametulia, mikoko imesimama pande zote mbili juu ya mizizi yake kama watu waliokunja kanzu wasilowe. Kulikuwa na ndege mweupe mbele yetu, kila tukimkaribia huruka hatua chache akatua tena. Mtu wa Uingereza angelipa fedha nyingi kwa saa ile. Tulilala kisiwani kwa wenyeji waliotupokea vizuri, na nahodha kabla ya kulala akatuambia, “Mabwana, kesho maji yatajaa kiasi cha saa kumi na mbili alfajiri. Tuwe tumo mashuani wakati huo.”

Jumapili alfajiri nahodha alikuwa mashuani. Sisi hatukuwamo. Mmoja alitaka chai kwanza. Mwingine alikuwa na shangazi wa mkewe upande wa pili wa kijiji, akaona si adabu kuondoka bila kumwamkia. Wengine wakanunua pweza, wakajadiliana bei. Tulipofika mashuani ilikuwa saa tatu, na maji yalikuwa yamekwisha tembea.

Nahodha akasema, “Maji yamegeuka, mabwana. Tukiingia sasa tutakaa. Tungoje hata alasiri, yajae tena.”

Nasi tukahesabu kwa vidole: maji kujaa ni saa kumi na mbili na robo jioni, tutafika Fumba usiku, na kesho Jumatatu saa moja na nusu tuwe mezani. Mmoja wetu alikuwa na faili lililotakiwa Jumatatu asubuhi. Tukamwambia nahodha kwamba yeye ni wa kukodiwa, na waliokodi ni sisi. Ndugu zangu, tulisema hivyo, kwa maneno ya upole kuliko haya, lakini maana yake ilikuwa hiyo, na yeye aliifahamu. Akatazama maji, akamtazama kijana wake, akang'oa nanga.

Nusu saa baadaye mashua ilikaa. Kwanza ilisita, kisha ikasimama, kisha polepole ikalala ubavu. Ile hori iliyokuwa ya kijani ikawa tope jeusi lenye kaa, na jua likapanda. Hapakuwa na la kufanya. Nahodha alijifunika kilemba usoni akalala. Maji ya kunywa yalikuwa chupa tatu kwa watu wanane, kwa kuwa tuliamini tutakuwa Fumba kabla ya adhuhuri.

Mwenzetu mmoja hakuweza kuvumilia. Yeye ndiye mwenye faili. Alisema barabara haiko mbali, akivuka mikoko ataifikia, apate gari, afike mjini mchana. Nahodha aliamka akamwambia asiende, kwamba ndani ya mikoko kila upande hufanana na mwingine. Akaenda, na viatu vyake vya ofisini miguuni. Mwenyewe yupo kati yetu jioni hii, safu ya tatu, na ametupa ruhusa tuyaseme haya yote.

Saa tisa maji yakarudi, mashua ikainuka. Sasa tuliweza kwenda. Tulimpigia simu mwenzetu, haikujibu; baadaye tulijua kwamba ilikuwa imeingia maji tangu hatua za kwanza. Na hapa twaja kwenye jambo tusilopenda kulisema. Katika mashua ile sauti ilitoka, nasi hatutasema ya nani, kwa kuwa hakuna aliyeipinga, ikisema kwamba bila shaka amekwisha fika barabarani, amekwisha panda gari, na pengine sasa yuko nyumbani anakula. Basi na sisi twende tusichelewe. Watu watano wenye elimu, wanaoandika barua kwa lugha mbili, wakaliona neno hilo kuwa la busara.

Nahodha hakujibu. Alichukua nanga akaitia majini tena.

Kisha akapanda juu ya tezi, yeye na kijana wake, wakaanza kuita kwa zamu. Waliita muda mrefu. Maji yalikuwa yakiingia miongoni mwa miti sasa, na tulipoyaona yakifunika mizizi ndipo tulipofahamu kile ambacho nahodha alikifahamu tangu asubuhi. Tukaanza kuita na sisi. Kiasi cha saa kumi na moja mvuvi mmoja wa kaa alipita na mtumbwi wake, akasikia, akaingia mikokoni upande ambao sisi tusingeufikiri. Alimkuta mwenzetu ameshika miti miwili, maji yamfika kifuani, kiatu kimoja hana, naye hajui kuogelea. Alikuwa amezunguka mahali pamoja karibu saa saba. Alisema alituisikia tukiita tangu mwanzo, lakini sauti yake haikuwa na nguvu tena ya kutujibu.

Tulifika Fumba saa tatu usiku, upepo wa kusi ukitusukuma vizuri kwa nyuma, na hapana aliyesema neno. Jumatatu saa moja na nusu wote sita tulikuwa mezani, tope likiwa bado kwenye kucha. Lile faili lilikaa juu ya meza ya mkubwa siku tatu kabla ya kufunguliwa.

Tangu siku ile tumesafiri na nahodha yule yule mara nyingine tatu, na hatujapata taabu ila mvua. Katika safari hizo tumejifunza mambo ambayo twaona yaifae Kamati.

Kwanza ni upepo. Ghuba ya Menai, ambayo imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, na ndani yake mna Kwale na Pungume na huo mlango wa Uzi, iko wazi upande wa kusini. Kwa hiyo katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kusi ikiwa kali, si mahali pa watu wa likizo. Hufaa wakati wa demani, kusi ikilegea, Septemba au Oktoba. Na hufaa wakati wa kaskazi, Desemba hata Februari, kwa kuwa hapo kisiwa chenyewe huukinga upepo. Atakaye kusafiri katika kusi na aelekee Mkokotoni na mlango wa Tumbatu, upande wa magharibi wa kaskazini ya Unguja, ambako nchi humkinga. Masika na tukae nyumbani.

Kuna watakaosema kwamba haya ni hofu za watu wa mashua ndogo. Tuwakumbushe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, ikielekea Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi, imejazwa watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya Skagit ikitoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe, kisiwa ambacho mnara wake wa taa umesimama tangu mwaka 1904. Hizo zilikuwa meli, si mashua. Katika chumba hiki wamo waliozika kwa ajili yake, nasi hatutaongeza.

Basi idadi ya watu: nahodha ndiye aseme, nasi tuandike chini ya hapo. Akisema kumi, waende wanane. Kila mmoja awe na jaketi la kujiokoa, nalo livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Pili, na hili twaliona kuwa kubwa kuliko yote baada ya tarehe, ni malipo. Desturi ya wengi wetu ni kupatana na nahodha kwa safari: tukifika tunalipa, tusipofika hatulipi. Patano la namna hii humfanya maskini aende wakati moyo wake wamwambia asiende. Ana watoto, ana mwenye chombo wa kumpelekea sehemu yake. Twashauri Chama kipatane kwa siku, na siku ya kungoja ilipwe sawasawa na siku ya kwenda. Nahodha akisema asubuhi, “Leo hapana,” apate haki yake jioni kama aliyetufikisha Kizimkazi. Mweka Hazina atasema hii ni kulipia kazi isiyofanyika. Sisi twasema hiyo ndiyo kazi tuliyomkodia.

Tatu ni chakula na maji, ambayo hatutakawia nayo kwa kuwa wake zetu wayajua kuliko sisi. Maji ya kunywa yachukuliwe ya siku mbili zaidi ya yanayohitajiwa. Mikate, tende, sukari, chai, muhogo; samaki hupatikana njiani. Seredani ya makaa iwekwe ndani ya kasha la mchanga, tena iwe upande ambao upepo hautupi cheche kwenye tanga. Taa. Dawa za tumbo. Kofia, na tunamtazama mwenye kuhusika.

Ama kuhusu njia yenyewe, karatasi ya Kamati yataka tuzunguke Unguja yote katika siku tano. Kisiwa hiki kina urefu wa kilomita 85 hivi, na ramani huwadanganya watu kwa udogo wake. Upande wa mashariki, toka Matemwe hata Jambiani, mna mwamba mrefu, na ndani ya mwamba maji yakipwa mashua hulala juu ya mchanga kama punda aliyechoka, na milango ya kutokea si mingi. Huko Nungwi mkondo na mawimbi hukutana. Twashauri mwaka huu tuache kuzunguka. Siku ya kwanza tuende visiwa vya mbele ya mji, Changuu na Bawe, tuzoeane na chombo na tumjue nani hutapika. Kisha tushuke kusini, Fumba, Kwale, Uzi, na upepo ukiruhusu tufike Kizimkazi tukauone ule msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kama siku hazitoshi tutaiacha Kizimkazi. Msikiti umengoja miaka zaidi ya mia tisa.

Sasa twarudi kwenye tarehe. Twaiomba Kamati iifute ile Jumatano na ile Jumapili ubaoni. Badala yake iandikwe hivi: safari itaanza siku ya pili baada ya bamvua katika mwezi atakaouchagua nahodha, baina ya Desemba na Februari, na kila atakayekwenda aombe siku mbili za likizo zaidi ya zile tano, asizozipangia kazi yo yote. Twajua kuna wanachama ambao wakubwa wao watauliza likizo gani hii ifuatayo mwezi. Na waulize. Barua ya kuombea tutaisaidia kuiandika. Barua ni kazi yetu.

Jambo moja limesalia, nalo mwenzetu wa safu ya tatu ametuagiza tulitaje kwa niaba yake. Yeye hajapanda chombo tangu siku ile. Tulipomsomea hotuba hii juzi, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama nahodha atakuwa yule yule. Tukamwambia ndiye. Akasema basi jina lake liandikwe la kwanza.

Orodha ya majina iko kwa Bwana Katibu kuanzia leo. Kila atakayeandika jina lake, na aandike pembeni yake kama ajua kuogelea au hajui, na asione haya. Tunataka kujua ni nani aketi karibu na nahodha.